Shimo la Sita

Fundi aliyeitwa Sawasawa alianza kucheza gofu kwa sababu ya magoti. Kwa miaka thelathini alikuwa ametambaa kwenye sakafu za watu akipanga vigae vya bafu, vya jikoni, vya vyumba vya kungojea daktari. Kila kigae kilipokaa vizuri alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Sawasawa." Jina likamganda. Hata mkewe alipokasirika hakulikumbuka lile alilopewa na wazazi wake. Alipofika miaka hamsini na tatu magoti yakagoma, na daktari akamwambia atembee mwendo mrefu kila wiki, tena kwenye udongo, si kwenye saruji.

"Nitembee niende wapi?" alilalamika nyumbani. "Mtu mzima nizurure tu kama mbwa aliyefukuzwa?"

Aliyejibu ni shemeji yake, kaka wa mkewe, karani mstaafu wa posta, mtu mwenye tumbo la mbele na maneno ya kila upande. "Shemeji, twende gofu. Unatembea nusu siku na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Una fimbo mkononi, watu wanajua una shughuli."

"Gofu ni ya wakubwa."

"Ya wakubwa iko kwa wakubwa. Mimi nakupeleka viwanja vya halmashauri. Unakata tiketi dirishani, unaingia na viatu vyako vya kila siku."

Basi wakaanza. Mji ule ulikuwa na viwanja vitatu vya umma. Cha kwanza kilikatwa katikati na barabara; kabla ya kupiga ulingoja malori yapite, kisha ukapiga haraka huku ukiomba Mungu. Cha pili kilikuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, na kunguru wa pale walidhani mipira ni mayai. Ulipiga vizuri, ukauona mpira umeangukia pazuri kabisa, halafu ndege anashuka na kuondoka nao. Cha tatu kilikuwa mteremkoni, karibu na kwao: mashimo tisa, mabenchi yaliyopungukiwa mbao, kibanda cha pampu kilichopakwa chokaa, na nyasi zilizokatwa vizuri kuliko halmashauri ilivyostahili. Hiki ndicho walichokizoea.

Kwa mipigo mirefu Sawasawa alikuwa kichekesho. Siku ya kwanza mpira wake uligonga nguzo ukarudi nyuma yake, na shemeji akasema hajawahi kuona mtu akianza mchezo kwa kurudi nyumbani. Lakini mpira ulipofika kwenye grini, lile duara la nyasi zilizonyolewa kabisa kuzunguka shimo, kicheko kiliisha. Hapo Sawasawa alichuchumaa kwa maumivu, akafumba jicho moja, akaitazama ardhi kama anavyoitazama sakafu. Aliona mwinamo ambao wengine hawakuuona. Alisukuma mpira taratibu, nao ukaenda ukipinda, ukipinda, ukatumbukia. "Mchawi wewe," shemeji alizoea kusema, na Sawasawa alifurahi moyoni kama mtoto, ingawa usoni alijikausha.

Miaka miwili ikapita hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi. Grini zote tisa alizijua kama vyumba vya nyumba yake. Ile ya shimo la sita ilikuwa upande wa juu wa kibanda cha pampu, nayo ilikuwa rahisi: ukisukuma mpira kutoka upande wa kibanda, utapinda kulia, upana wa viganja viwili, kila mara.

Jumamosi moja baada ya mvua za kwanza, mpira ulipinda kushoto.

"Umekosa!" Shemeji alipiga kofi pajani. "Leo jua litachwea mashariki!"

Sawasawa aliuchukua mpira, akarudi pale pale, akausukuma tena. Ukaenda kushoto. Akausukuma mara ya tatu bila nguvu kabisa, akauacha tu uchague njia yake. Mpira ukatambaa kidogo, ukasita, kisha ukateremka kushoto kuelekea katikati ya grini, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Usingizi wake wa wiki ile haukuwa mzuri. Sakafu haibadilishi mwinamo wake bila sababu, hilo alilijua kuliko alivyojua sala. Jumamosi iliyofuata alitia kwenye mfuko wa fimbo za gofu ubao ulionyooka pamoja na pimamaji, kile kipimo cha fundi chenye kitone cha hewa ndani ya kioo. Walipofika shimo la sita alilaza ubao kwenye nyasi, akaweka pimamaji juu yake, akapiga magoti.

"Shemeji, watu wanatuangalia," karani mstaafu alinong'ona.

"Waache waangalie."

Kitone cha hewa kilikuwa kimekimbilia upande mmoja. Akageuza ubao, akapima upande wa pili, wa tatu, wa nne. Kila upande kitone kilimwambia jambo lile lile: ukingo uko juu, katikati iko chini. Grini ilikuwa inageuka sahani. Akachukua fimbo moja, akaigeuza, akagonga ardhi kwa mpini wake. Pembeni sauti ilikuwa nzito na fupi. Akasogea hatua moja, akagonga. Akasogea tena. Karibu na bendera sauti ilibadilika, ikawa pana, ikachelewa kuisha.

Sauti ile aliijua. Ni sauti ya kigae ambacho fundi mvivu amekibandika bila kujaza udongo wa saruji chini yake. Juu kinang'aa, chini ni upepo, na siku mwenye nyumba akiweka kabati hapo, kinapasuka.

"Toka hapo," alimwambia shemeji yake.

"Nitoke kwani kuna nyoka?"

"Toka tu."

Aliyekuwa akikata nyasi za uwanja ule alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Nyasi, mwenye mikono mipana na kofia ya mwanamume. Alikuwa na mashine kubwa ya kukalia na nyingine ndogo ya kusukuma. Sawasawa alimkuta nyuma ya kibanda cha pampu akifunga mpira wa maji, akamweleza. Alitegemea kuchekwa. Mama Nyasi alizima bomba kwanza, akatazama huku na huku.

"Fundi, nilidhani ni mimi peke yangu," alisema. "Nikimwagilia pale sita, maji hayakai. Hayatuami, hayateremki. Ardhi inayanywa kama mlevi. Na mlango wa kibanda hiki, tangu mvua zianze, haufungi. Tazama."

Aliusukuma mlango ukakwama kwenye sakafu. Juu ya fremu palikuwa na ufa ambao kidole kingeingia, na siafu walikuwa wakitoka ndani yake mstari mrefu, wamebeba mayai yao, wakihama.

"Umemwambia msimamizi?"

"Nimemwambia maji yanapotea. Akaniambia nipunguze kumwagilia." Alivua kofia akajipepea. "Siku nikipita pale na mashine kubwa, fundi, napita nikisali."

Msimamizi wa uwanja alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi, mwenye adabu zote. Alimkaribisha Sawasawa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akaegemeza kalamu kwenye shavu.

"Mzee wangu, nikuulize. Jumamosi iliyopita ulimaliza mashimo tisa kwa mipigo mingapi?"

"Hamsini na nane," alisema, ingawa wachezaji wazuri humaliza kwa arobaini.

"Basi hata mimi ningeilaumu ardhi."

Mhudumu wa ofisi aliyekaa pembeni akakohoa ili asicheke. Sawasawa alihisi masikio yakiwaka moto, lakini alijikaza. "Sijaja kwa habari ya mchezo. Nimekuja kwa sababu chini ya shimo la sita hakuna kitu. Funga hilo shimo moja, wacheze manane, ulete watu wa kupima."

"Jumapili ijayo tuna mashindano. Wakubwa wa halmashauri wanakuja. Nikawaambie uwanja wetu una mashimo manane kwa sababu fundi wa vigae amegonga nyasi kwa fimbo?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Iandike barua, mzee. Nitaipeleka panapohusika."

Aliiandika. Mkewe aliisahihisha herufi, akaipeleka mwenyewe na kugongewa mhuri. Usiku wa kuamkia Jumapili alimwambia mumewe, "Kama unaogopa hivyo, usiende." Akajibu, "Kama naogopa hivyo, nitakaaje nyumbani? Kaka yako atakuwepo."

Jumapili ilikuwa na jua. Vitambaa vya rangi vilifungwa kwenye miti, viti vya plastiki vikapangwa, na kipaza sauti kikawa kinatangaza kila jambo mara mbili. Sawasawa na shemeji walicheza kwa jozi, na kama wasiwasi wao ungekuwa mchezo tu, siku ile wangetembea vifua mbele. Mpaka shimo la tano waliongoza, kwa sababu Sawasawa, pamoja na hofu yake, alikuwa hakosi grini hata moja. Shemeji alikuwa amelewa furaha. "Leo tunarudi na kikombe! Nitakiweka juu ya kabati, wageni wakija wanakiona kabla ya kuniona mimi!"

Kwenye shimo la sita mpira wa Sawasawa ulisimama hatua tatu kutoka kwenye bendera. Alifika ukingoni mwa nyasi fupi, akasimama. Wachezaji wenzao wawili walimngoja.

"Zamu yako, shemeji."

"Sikanyagi hapo. Na wewe toka."

"Hatua tatu! Hata mama mkwe angeuingiza!"

"Nakuomba. Ninakuomba kama ndugu yangu. Toka."

Karani mstaafu alitazama wenzao, akaona wanatabasamu. Alitazama watu waliokaa kwenye viti. Aibu ilimpanda usoni. Kwa makusudi, akitembea kama mtu anayefundisha mtoto, alikwenda hadi katikati ya grini, akarukaruka pale mara mbili kwa uzito wake wote, akasukuma mpira wake ukaingia. Sawasawa aliviona viatu vya shemeji vikitua, akasikia chini yake ile sauti pana, iliyochelewa kuisha. Hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye.

Ardhi ilikaa kimya.

Mpira wa Sawasawa ukabaki ulipokuwa, jozi yao ikaondolewa mashindanoni. Alasiri, msimamizi alitangaza shindano la ziada: atakayepiga karibu zaidi na bendera ya shimo la sita atapata zawadi. Watu sitini hivi wakaizunguka grini ile, wakubwa wakiwa mbele na watoto wao. Wengine waliingia ndani ya duara kupima nani yuko karibu. Sawasawa alisimama mbali chini ya mti, akihesabu vichwa. Aliwahesabu watoto peke yao. Walikuwa kumi na mmoja. Kila watu walipopiga makofi alifumba macho.

Saa kumi na moja watu wakaanza kutawanyika. Wakanywa soda, wakapiga picha pale pale, wakaenda zao. Msimamizi alipompita alimgusa bega. "Umeona, mzee? Ipo bado." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Shemeji alirudi nyumbani bila kusema neno, yeye ambaye hata usingizini aliongea.

Jumatatu Sawasawa alikuwa bafuni kwa mteja, akikoroga saruji, akajiuliza kama si kweli kwamba amezeeka. Huenda sikio nalo limechoka kama magoti. Mara mbili alichukua simu amwombe shemeji radhi, mara mbili akairudisha mfukoni.

Jumanne saa nne asubuhi simu ikalia yenyewe. Alikuwa Mama Nyasi, na sauti yake ilikuwa tulivu mno.

"Fundi. Imekwenda."

"Nani amekwenda?"

"Sita. Njoo uone."

Alimpitia shemeji njiani, wala hawakusalimiana vizuri. Walimkuta Mama Nyasi amekaa kwenye nyasi, kofia mapajani. Tangu siku ile walipozungumza, aliwaambia, hakuwa ameipeleka mashine kubwa pale. Alimdanganya msimamizi kwamba imeharibika, akawa anasukuma ile ndogo. Asubuhi hiyo alikuwa amekata nusu ya duara. Akaiacha mashine, akaenda kuing'oa bendera ili apite.

"Nikaivuta, haitoki. Nikavuta tena. Halafu ikaanza kushuka, fundi. Nimeishika mkononi, inashuka yenyewe, kama kuna mtu chini anaivuta. Nikaiachia nikakimbia. Sikutazama nyuma. Nilisikia tu, wala si mshindo, bali kama mtu mkubwa anavuta pumzi."

Walisogea hadi pale walipothubutu. Mahali palipokuwa na grini palikuwa na mdomo mweusi, mviringo, wa kina cha nyumba ya ghorofa mbili, na nyasi zilizonyolewa bado zikining'inia ukingoni kama zulia lililokatwa. Mashine ndogo haikuonekana. Udongo ulikuwa bado unadondoka, tonge kwa tonge, na kila tonge lilichukua muda kabla ya kusikika.

Shemeji aliketi chini bila kutafuta mahali pa kuketi.

"Nilisimama pale," alisema.

"Ulisimama."

"Nikaruka. Watoto wa watu walisimama pale."

"Kumi na mmoja," Sawasawa alisema.

Karani mstaafu alifunika uso kwa viganja vyake. Sawasawa aliukunja mguu mmoja kwa shida, kisha wa pili, akakaa karibu naye, mabega yao yakigusana, mpaka watu wa halmashauri walipofika na kamba za kuzuia njia.

Wapimaji walikaa wiki tatu. Waligundua kwamba zamani, kabla ya mji kupanda mteremko ule, watu walichimba mawe ya kujengea chini ya ardhi, wakaacha mapango marefu ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote ofisini. Mvua na umwagiliaji vililegeza dari za mapango hayo. Taarifa iliyosomwa ilisema chanzo ni mvua. Barua ya Sawasawa yenye mhuri haikutajwa, na alipoulizia dirishani aliambiwa faili limehamishwa. Msimamizi naye alihamishwa. Kabla ya kuondoka alikuja nyumbani kwa Sawasawa, akakaa ukingoni mwa kiti, akanywa maji nusu glasi, akashindwa kusema alilolijia, akaaga. Mama Nyasi alipelekwa kukata nyasi za makaburi ya manispaa. Alisema huko angalau anajua kilicho chini.

Uwanja ukafungwa. Sawasawa na shemeji wakarudia ule wa barabara, wakingoja malori. Shemeji aliongea tena, lakini kila walipofika kwenye nyasi fupi alinyamaza, akangoja Sawasawa atangulie, kisha akakanyaga pale pale alipokanyaga yeye. Na Sawasawa mwenyewe, aliyekuwa mchawi wa grini, alianza kukosa. Macho yalikuwa yale yale. Tatizo ni kwamba alipochuchumaa hakuangalia tena mpira uende wapi; alisikiliza kilicho chini ya nyasi.

Halmashauri ilipeleka karatasi za onyo mtaa wa chini ya mteremko, ambako mapango yalifika: wakazi wawe tayari kuhama, tarehe itatangazwa. Tarehe haikutangazwa. Mvua za pili zikaingia.

Wiki ya pili ya mvua hizo mwanamke mmoja wa mtaa ule, fundi cherehani, alimpigia simu. Vigae vya korido yake vimeinuka, alisema, anaomba aje avibandike upya kabla mtu hajajikwaa. Sawasawa alifika saa tano asubuhi na ndoo yake. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na alipotaka kuufunga nyuma yake ulikwama kwenye sakafu. Koridoni vigae vilikuwa vimesimama viwili viwili, vimeegemeana kama vibanda vya karata. Hakuishusha ndoo.

"Unaishi na nani humu, mama?"

"Mimi na mama mkwe wangu. Amelala chumba cha nyuma. Vitachukua siku ngapi hivyo?"

"Mwamshe."

"Anaumwa kichwa, fundi. Ukigonga taratibu hatajali."

"Mama, sitagonga chochote. Mwamshe, mshike mkono, mtoke. Msichukue vitu."

Mwanamke alimtazama. Chumbani cherehani ilikuwa na gauni la mtu limebaki chini ya sindano, na jikoni kitu kilikuwa kinachemka. Sawasawa alingoja kicheko. Alikuwa ameshakizoea, alijua hata kinaanzia wapi usoni mwa mtu.

"Leo?" mwanamke aliuliza.

"Sasa hivi."

Alikwenda akazima jiko. Alirudi amemshika bibi kizee aliyefunikwa shuka mabegani, anayeuliza viatu vyake viko wapi, nani amekufa. Wakavuka barabara kwenye mvua nyepesi. Sawasawa aliwaweka chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, akampigia shemeji aje na gari, kisha akarudi upande ule, kwenye nyumba ya jirani, akabisha hodi. Waliokuwemo walimsikiliza kupitia dirishani, wakatazamana, wakaanza kukusanya watoto. Nyumba iliyofuata haikuwa na mtu. Katika ya tatu alifungua mwanamume mwenye fulana, bado anatafuna.

"Wewe ni nani?" mwanamume aliuliza, akiwa ameushikilia mlango kwa mguu ili usifunguke zaidi.

"Fundi wa vigae," alijibu Sawasawa. "Toka na watu wako kwanza, mengine nitakueleza barabarani."